Fundi Mitambo Naye Ni Mrithi Wetu

Ndugu zangu wa ukoo huu, mlioko Maskati na Sur, Dubai na Abu Dhabi, Portsmouth na Toronto, na nyinyi ambao hamkuondoka Unguja na Pemba, ukurasa huu kwa kawaida huzungumzia nasaba, nyumba na safari za wazee wetu. Leo naomba mnisikilize juu ya jambo lililo mbele yetu. Mwezi ujao kikao cha mfuko wetu wa elimu kitatoa uamuzi ambao, kwa maoni yangu, unaigusa nasaba kuliko shajara yoyote tuliyokwisha kuichapisha hapa.

Mambo yenyewe ni haya. Binti mmoja wa ukoo, mjukuu wa ami yangu, aliyezaliwa na kulelewa Uingereza, amepata nafasi katika chuo kimoja cha huko kusomea teknolojia ya utangazaji wa redio na televisheni. Ameuomba mfuko umsaidie kama ulivyowasaidia kaka zake. Lakini kanuni ya mfuko inataja kwa majina masomo yanayostahili msaada: udaktari, ufamasia, sheria, uhasibu, uhandisi wa majengo na uhandisi wa mafuta. Utangazaji haumo. Wapo wajumbe waliokwisha kusema kuwa kuunga nyaya si elimu, na kwamba fedha za mfuko ni jasho la wazee, hazifai kuchezewa. Mimi nasema binti huyu asomeshwe, tena apewe fungu lile lile analopewa mwanafunzi wa udaktari. Naziweka sababu zangu hapa hadharani ili kila tawi lipate kuzipima kabla ya kikao.

Kwanza tuelewane juu ya elimu yenyewe, kwa maana naona mabishano mengi yametokana na jina. Wengi wetu tukisikia neno utangazaji humfikiria mtu aliyekaa mbele ya maikrofoni, mwenye sauti nzuri na lafudhi iliyonyooka. Kazi hiyo husomewa katika idara za uandishi wa habari na mawasiliano ya umma, nazo zina heshima yake. Chuo Kikuu cha Sultan Qaboos, kilichofungua milango yake mwaka 1986, kina idara ya namna hiyo, na baadhi ya watoto wetu wamepita humo bila ya mtu kuhoji. Teknolojia ya utangazaji ni elimu ya yule aliyeko upande wa pili wa kioo cha studio. Nyote mnakumbuka jinsi mtangazaji anavyoaga: hutaja jina lake, kisha huongeza kwamba mitamboni alikuwa fulani. Huyo fulani ndiye tunayemzungumzia.

Mwanafunzi wa fani hii huanza na hisabati, fizikia na elektroniki. Hujifunza jinsi maikrofoni inavyogeuza mtikisiko wa hewa kuwa umeme, na jinsi umeme huo unavyopandishwa juu ya wimbi la redio ili usafiri. Hujifunza antena na milingoti, na kwa nini urefu wa antena hufuata urefu wa wimbi. Akiingia katika televisheni, hukuta picha iliyogawanywa mistari na fremu, rangi zilizogeuzwa kuwa namba, na ufundi wa kuzibana namba hizo zipite katika njia nyembamba bila ya jicho kutambua kilichopunguzwa. Zaidi ya hayo, siku hizi hujifunza mitandao ya kompyuta, kwa kuwa sehemu kubwa ya sauti na picha studioni imehama kutoka kwenye nyaya za zamani na kuingia kwenye mitandao. Anayeiita elimu hii kuunga nyaya ni sawa na anayeuita udaktari kudunga sindano.

Wala si fani iliyozuka jana. Shirika la BBC lilikuwa na chuo chake la kuwafunza wahandisi huko Wood Norton, karibu na mji wa Evesham. Nairobi, taasisi ya mawasiliano ya umma iliyoanzishwa mwaka 1961 huwafundisha mafundi mitambo na waandishi wa habari chini ya paa moja. Waliozianzisha taasisi hizi walielewa kwamba msemaji asiye na fundi hasikiki nje ya chumba alichokaa.

Sasa nikupelekeni kwenye historia yetu wenyewe, kwa sababu ndani yake mna ushahidi ulio wazi. Siti binti Saad alikuwa na sauti ambayo Unguja nzima iliijua, lakini Unguja haikuwa na mtambo wa kuikamata. Ilibidi yeye na wenzake wavuke bahari mwaka 1928 hadi Bombay, wakaimbe mbele ya vifaa vya kampuni ya gramafoni, ndipo sauti ile ikaingia katika sahani za santuri na kurudi pwani kuuzwa. Siti alifariki mwaka 1950. Redio ya Sauti ya Unguja ilianza mwaka 1951. Tazameni jinsi nyakati zilivyopishana kwa mwaka mmoja. Laiti kusingekuwa na wale mafundi wa Bombay, ambao majina yao hatuyajui wala hatuyaulizi, leo tungekuwa na sifa za Siti bila ya Siti mwenyewe. Tungesimuliwa kuwa aliimba vizuri, kama tunavyosimuliwa juu ya waimbaji wengi wa kabla yake ambao hakuna hata sauti moja iliyobaki kutuonyesha walivyoimba.

Wazee wetu walikuwa wasikilizaji hodari. Mwaka 1954 Cairo ilianza kutangaza kwa Kiswahili, na tarehe 27 Juni 1957 London nayo ikaanza. Babu yangu alikuwa na redio ya mbao aliyoifunika kitambaa cha kufuma, na nimesimuliwa kuwa baada ya Isha baraza ilijaa watu waliokuja kusikiliza. Waliijadili kila habari iliyosomwa, lakini hawakujiuliza habari hiyo ilifikaje. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza wa fani hii angewajibu: mawimbi mafupi hayaendi na umbo la ardhi tu, bali hupanda hadi kwenye tabaka la juu la anga liitwalo ayonosfea, yakapinda na kurudi chini maelfu ya kilomita mbali, na tabaka hilo hubadilika jua linapotua, ndiyo maana kituo kilichokuwa kikikoroma mchana husikika safi usiku. Siasa za zama zile, zilizowatikisa wazee wetu na mwisho wake kuwatawanya baadhi yao, zilipanda na kushuka kupitia tabaka hilo. Mtu akitaka kuielewa historia ya ukoo huu katika miaka ya 1950, kuyajua magazeti hakumtoshi. Ayajue na mawimbi.

Walipofika Oman baadhi yetu walikuta nchi ambayo nayo inaanza. Redio ya Oman ilianza kutangaza mwaka 1970, na televisheni ikafuata Maskati mwezi Novemba 1974. Unguja nayo ilikuwa imeingia katika televisheni ya rangi mwanzoni mwa miaka hiyo hiyo ya 1970, ilhali Tanzania Bara ilisubiri hadi mwaka 1994. Nchi hii yetu ya sasa ni nchi ya majabali. Mawimbi ya FM, yaliyoko kati ya megahezi 87.5 na 108, hayapindi juu ya anga kama yale ya masafa mafupi. Huenda moja kwa moja, na jabali likisimama mbele huyazuia. Kwa hiyo ili mwanakijiji wa bondeni asikilize kinachosomwa Maskati, ilibidi mtu apande na vifaa juu ya milima, asimike mlingoti na mtambo wa kupokea na kurusha tena. Barabara tunazisifu kwa kuwa tunaziona. Milingoti ile nayo iliunganisha watu, ila tunapita chini yake bila ya kuinua macho.

Nakuja sasa kwenye mali yetu. Wengi wenu mnalijua lile sanduku la bati lililoko nyumbani kwa shangazi. Ndani yake mna kaseti 43. Katika miaka ya 1970 na 1980, watu wa ukoo wetu walikuwa wakiandikiana kwa sauti. Simu ilikuwa ghali na haba, barua ilihitaji mwenye khati ya kusomeka, na Bibi hakuwa na subira ya kumwambia mtu mwingine aandike maneno yake. Kwa hiyo alikaa mbele ya rekoda, akabonyeza kitufe, akazungumza nusu saa moja kwa moja: salamu kwa kila mmoja kwa jina, khabari za mashamba, nani kaoa, nani kafishiwa, karafuu zimezaa au hazikuzaa, na mwisho dua. Kaseti ikafungwa ndani ya nguo, ikapewa msafiri. Huku Maskati walisikiliza wakilia, kisha wakarekodi majibu. Sanduku lile ndilo daftari la ukoo huu katika miaka ambayo hakuna aliyekuwa akiandika.

Na wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila khabari. Daftari letu limeandikwa juu ya utepe wenye upana wa milimita 3.81, uliopakwa unga wa sumaku, unaopita mbele ya kichwa cha mashine kwa mwendo wa sentimita 4.76 kila sekunde. Gundi inayoushika unga huo huchoka. Joto na unyevu huiharakisha, na sisi tumetoka kwenye unyevu wa Unguja tukaja kwenye joto la Maskati. Mashine nzuri za kuchezea haziundwi tena kwa wingi, na mafundi wanaozijua wanastaafu au wanakufa. Wataalamu wa hifadhi za sauti duniani walikuwa wakiutaja mwaka 2025 kuwa ndio mpaka wa hatari, na mwaka 2019 UNESCO ilishirikiana na jumuiya ya kimataifa ya hifadhi za sauti na picha kutoa tahadhari juu ya kanda za sumaku. Nchi tajiri zenyewe hazikusalimika na uzembe. BBC ilifuta kanda nyingi za vipindi vyake vya miaka ya 1960 na 1970 ili izitumie tena, kwa kuwa kanda zilikuwa ghali na hakuna aliyefikiri kwamba vipindi hivyo vitatakiwa kesho.

Mwaka juzi tulizitoa kaseti tatu kwa duka moja la mjini, zikarudi zikiwa ndani ya kijisanduku cha kumbukumbu kilichopambwa. Tulipozifungua, Bibi alikuwa akizungumza haraka kwa sauti nyembamba kama ya msichana wa skuli, na maneno yake yalikuwa yamefifia ncha. Watoto walicheka. Shangazi aliinuka akatoka ukumbini.

Niliyoyajua baadaye kwa kumuuliza binti huyu huyu ninayemtetea ndiyo yaliyonifanya niandike makala hii. Alinieleza kwamba rekoda ya Bibi yaelekea ilikuwa ikienda polepole, pengine kwa betri zilizochoka au mkanda wa mpira uliolegea, na utepe uliorekodiwa polepole ukichezwa kwa mwendo wa kawaida hukimbia na sauti hupanda. Kwamba kichwa cha mashine kikiinama kidogo tu, tofauti na kile kilichorekodia, sauti za juu hupotea, na hizo ndizo zinazobeba herufi kama s, sh, f na th. Ndiyo maana Kiunguja cha Bibi kilisikika kama kimefunikwa na shuka. Na kwamba kaseti ikiwa imerekodiwa kwa umeme wa nyumbani, mara nyingi nyuma ya maneno huwa mna mvumo hafifu wa umeme wenyewe, unaotakiwa uwe na mizunguko 50 kwa sekunde. Fundi akiupima mvumo ule akaukuta ni 53, hujua utepe unakimbia kwa asilimia 6, akaurudisha mahali pake. Alinieleza hayo akiwa hajaingia chuoni bado, kwa yale aliyojisomea mwenyewe. Na mimi nikawaza: bibi yangu ameirejeshewa sauti yake na mtoto ambaye hakuwahi kumwona, kwa kipimo cha umeme wa nyumba ambayo hakuna kati yetu anayeishi tena.

Jambo jingine walio Toronto wanalijua vizuri. Miaka ile walipotuletea kanda za harusi, picha zilikataa kuonekana sawasawa katika mashine zetu. Tulidhani kanda zimeharibika njiani. Ukweli ni kwamba Kanada ilifuata mfumo wa Marekani, wenye mistari 525 na fremu karibu 30 kwa sekunde, na sisi huku, kama Uingereza na Unguja, tulifuata mfumo wa PAL wenye mistari 625 na fremu 25. Ukoo uliotawanyika katika mabara manne umetawanyika pia katika mifumo ya ufundi, na hakuna wakili wala mhasibu atakayetuunganisha katika hilo.

Nazijibu sasa hoja za wanaopinga, kwa heshima yao, maana ni wakubwa zangu na wana nia njema.

Hoja ya kwanza ni kwamba hakuna kazi. Wanasema redio inakufa na kila mtu ana simu. Ni kweli kwamba fani imebadilika. Tarehe 31 Desemba 2012 Tanzania ilianza kuzima mitambo ya televisheni ya analogia, ikianzia Dar es Salaam, na tarehe 17 Juni 2015 ndiyo iliyowekwa kimataifa kwa Ulaya, Afrika na Mashariki ya Kati kuhitimisha mageuzi hayo. Lakini angalieni kilichofuata. Mitambo haikupungua, bali ilibadilika sura. Kinachoonekana katika simu ya mjukuu wako kimepita kwanza katika kamera, katika chumba cha kuchanganyia sauti na picha, katika mashine za kubana, katika mitandao na mara nyingine katika setilaiti iliyoko karibu kilomita 36,000 juu ya ikweta. Kila hatua ina mtu anayeijua. Viwanja vya michezo, mabunge, kumbi za mikutano na misikiti mikubwa, vyote vinahitaji watu wa elimu hii. Na Ghuba yetu imejaa vituo vya televisheni, tangu Maskati hadi Dubai na Doha.

Hoja ya pili ni kwamba kaseti 43 hazihitaji shahada. Tumtafute mtaalamu tumlipe mara moja, tumalize. Hoja hii ina uzito, na ningeikubali lau jambo lingekuwa sanduku lile tu. Lakini kila siku tunajaza masanduku mapya bila ya kujua. Shangazi anatuma sauti kwa simu, mjomba anasimulia safari ya jahazi katika kundi la familia, na sauti hizo zimebanwa, zimehifadhiwa ndani ya simu zitakazovunjika, kwa programu ambazo siku moja zitaachwa. Nani kati yetu anaweza kuisikiliza leo sauti aliyotumiwa miaka minane iliyopita? Ukoo unahitaji mtu anayeelewa jinsi sauti inavyokufa, ili atuambie nini kihifadhiwe, kwa umbo gani, na wapi. Mtaalamu wa kulipwa mara moja huondoka na elimu yake.

Hoja ya tatu inasemwa kwa chini chini, nami nitaisema kwa sauti: kwamba hiyo ni kazi ya mafundi, na ukoo wetu si wa mafundi, na kwamba mtoto wa kike hapandi milingoti. Wenye kusema hayo wamesahau kwamba wazee wetu waliheshimu nahodha na waliheshimu pia fundi wa jahazi, kwani walijua bahari haimtambui mwenye nasaba. Na kuhusu mtoto wa kike, nauliza: sauti zilizomo katika lile sanduku ni za nani? Nyingi ni za Bibi, za mashangazi na za majirani zao. Wanaume wa ukoo waliandika barua na wosia. Wanawake walituachia sauti. Si ajabu hata kidogo kwamba anayetaka kujifunza kuziokoa ni mwanamke.

Naongeza jambo ambalo sikulisikia likisemwa na upande wowote. Watoto wetu wa Uingereza na Kanada Kiswahili chao kinapungua mwaka hadi mwaka. Tumejaribu madarasa ya Jumamosi, tumejaribu kuwaleta likizo, na matunda yake mnayaona. Kuihamisha kaseti kwa ubora unaostahili hakuna njia ya mkato: kaseti ya dakika 90 huchukua dakika 90, na fundi mwaminifu huvaa vipokeasauti akasikiliza tangu mwanzo hadi mwisho. Binti atakayezihamisha kaseti zetu zote atakaa zaidi ya saa 40 akimsikiliza Bibi akizungumza Kiunguja chake, kwa methali zake, kwa dua zake, kwa namna yake ya kumtaja mtu bila ya kumtaja. Mwalimu gani wa Jumamosi atampa mtoto saa kama hizo?

Hata hivyo nataka nitahadharishe upande wangu. Hatumsomeshi binti huyu ili awe mtumishi wa sanduku letu. Amechagua fani hii kwa kuipenda, na akimaliza huenda akafanya kazi katika kituo cha televisheni kisichotuhusu, katika mji tusiowahi kuufika, na hiyo itakuwa haki yake. Madaktari tuliowasomesha hawatutibu sisi peke yetu. Mfuko uliwapa elimu, na ukoo ukapata heshima na mtu wa kumuuliza. Hayo hayo yanatosha.

Kwa hiyo napendekeza mambo matatu kwa kikao. La kwanza, ile orodha ya majina ya masomo iondolewe katika kanuni, na mahali pake kuwekwe masuala: je, chuo kinatambulika, je, masomo yana msingi wa elimu na mazoezi ya kweli, na je, mwanafunzi ameonyesha juhudi? Teknolojia ya utangazaji itajibu masuala hayo bila ya taabu, na kesho ikija fani nyingine hatutagombana tena. La pili, binti apewe fungu kamili kuanzia mwaka huu wa masomo. La tatu, kaseti zilizobaki zisitolewe kwa duka lolote mpaka azione yeye au mtu mwenye elimu kama yake.

Na wakati tunasubiri, nawaomba wote wenye kaseti majumbani, si shangazi peke yake, wafanye machache yasiyohitaji chuo. Vunjeni vile vijino viwili vya mgongoni mwa kaseti ili asije mtu akarekodi juu yake. Zisimamisheni kama vitabu, ndani ya chumba chenye ubaridi na ukavu, mbali na jua na mbali na spika. Msizicheze katika rekoda za zamani zinazotafuna utepe, wala katika gari. Andikeni juu ya kila moja mnachokumbuka: nani alizungumza, mwaka gani, aliyepokea ni nani. Fundi anaweza kuirudisha sauti iliyofifia, lakini jina lililosahauliwa na wote halirudishwi na mashine yoyote.

Kikao ni Ijumaa ya pili ya mwezi ujao, baada ya Alasiri kwa saa za Maskati, na walio mbali watajiunga kwa simu kama kawaida. Kila tawi lina kura moja. Tawi letu limekwisha kukaa na kukubaliana kupiga kura ya ndiyo, na tumeahidi kuongeza mchango wetu wa mwaka ili asiwepo mwanafunzi mwingine atakayepunguziwa kwa ajili ya huyu. Mwenye maoni tofauti naye aandike, nami nitayachapisha hapa kama yalivyo, bila ya kukata neno.